Mto Msowero na Watu Wake

Nazungumza nanyi kutoka Ilonga, hapa wilayani Kilosa. Wengi mmenizoea kwa habari za mbegu, za nafasi ya kupandia na za viwavi wanaotafuna mahindi. Leo sitaanza na mbegu. Nitaanza na kijiji kimoja na mto unaopita ubavuni mwake. Kijiji chenyewe ni Msowero, kaskazini ya Kilosa mjini. Msidhani nimeacha kazi yangu nikawa mwalimu wa historia. Mwisho wa mazungumzo tutarudi shambani, na mtaona kwamba tulikuwa shambani muda wote.

Nakiomba kila kikundi cha wasikilizaji kimweke karibu mtu mmoja wa kuandika, maana mwishoni nitawaachia maswali.

MAHALI KIJIJI KILIPO

Ukitoka Dumila, penye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, ukashika njia ya kusini iendayo Rudewa na Kilosa, utapita Msowero. Mkono wako wa kulia, yaani magharibi, utaiona milima ya Ukaguru imesimama kama ukuta. Baadhi ya vilele vyake vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mkono wa kushoto nchi inalala. Hapo inaanza tambarare kubwa inayoungana na ile ya Mkata na kwenda kusini mpaka Mikumi, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Wengine wenu mmepita Mikumi kwa basi la Iringa, mkawaona twiga na nyati dirishani. Basi, ardhi ile tambarare wanayolishia nyati, na ardhi hii tunayopandia mpunga, zinakaa chini ya milima ya namna moja na zimejengwa na maji kwa namna moja.

Msowero iko pale pale mlima unapokutana na tambarare. Mto Msowero unazaliwa Ukaguru na kushuka kwa mbio. Ukifika chini, mbio zinaisha. Jambo hili la kuishiwa mbio ndilo ninalotaka mlishike vizuri, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapo.

Maji yenye mbio ni kama mpagazi mwenye nguvu. Yanabeba changarawe, mchanga, majani yaliyooza na udongo wa juu wa mashamba ya mlimani. Yakipungua mbio, nguvu ya kubeba inapungua, yanaanza kuutua mzigo. Changarawe inaanguka kwanza. Mchanga unafuata. Mwisho kabisa unatua udongo laini, mweusi, ule unaoshika maji na kunata miguuni. Mzigo huo ukituliwa mwaka baada ya mwaka, kwa mamia ya miaka, ndio shamba lako la mpunga. Kwa hiyo mtu wa bondeni anayejisifu kwamba shamba lake halijawahi kuhitaji samadi, ajue kwamba samadi yake ililetwa na mafuriko.

Maji ya Msowero hayaishii kijijini. Yanakwenda kuungana na bonde la Wami. Huko Wami ndiko yanakokwenda pia maji ya Mkondoa, mto unaopita Kilosa mjini, ambao chanzo chake ni mbali hata nchi kavu ya Dodoma, unakoitwa Kinyasungwe. Na Wami yenyewe inaingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Angalieni basi: udongo wa mlima wa Ukaguru, kama hautui shambani kwako, unakwenda kuwa tope la baharini.

KARATASI YA MWAKA 1884

Wenyeji wa zamani wa nchi hii ya Kilosa ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Njia za misafara kutoka pwani, kutoka Bagamoyo na Saadani, zilipita katika mabonde haya kwenda Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Misafara ilifuata mito kwa sababu ile ile iliyowafanya wenyeji wakae kando ya mito: mtu na mnyama lazima wanywe, na penye maji pana chakula cha kununua.

Mwezi wa Novemba 1884 ulikuja msafara mdogo wa Wajerumani, mkubwa wao akiwa Karl Peters. Hakuwa ametumwa na serikali yake. Aliwakilisha chama cha watu waliotaka Ujerumani iwe na makoloni. Walipanda kutoka Saadani, wakapita Useguha na Nguru, wakafika Usagara. Mwishoni mwa mwezi huo walifika Msovero, maana ndivyo vitabu vya wakati ule vinavyoliandika jina la kijiji chetu, wakakutana na mtawala wa hapo, Mangungo.

Ndugu zangu, jina la Mangungo kila Mtanzania aliyekaa darasani analijua. Karatasi aliyowekewa mbele yake iliandikwa Kijerumani. Ilisema kwamba anaitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, iwe ya Wajerumani peke yao kwa milele. Aliweka alama yake. Watawala wengine wa mabonde haya waliweka alama zao kwenye karatasi za namna hiyo hiyo, katika muda wa majuma machache tu. Peters akarudi pwani kabla ya mwaka kwisha, akaenda na karatasi zake Berlin. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Useguha na Ukami chini ya ulinzi wa Ujerumani. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga. Mwezi wa Agosti mwaka ule manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, naye akalazimika kunyamaza.

Watu hupenda kumcheka Mangungo. Hata leo, mikataba inapozungumzwa mjini au bungeni, jina lake hutajwa kama tusi. Mimi simcheki. Mtu yule hakuijua lugha ya karatasi ile, na aliyemfasiria hakuwa mtu wake. Tena kwa desturi za kwetu wakati ule, mgeni akiomba ardhi alipewa mahali pa kukaa na kulima. Hakuna aliyefikiri kwamba ardhi yenyewe inaweza kutiwa mfukoni ikapelekwa Ulaya. Mangungo alidhani anapokea mgeni. Karatasi ilisema anaondoka yeye.

Liwekeni neno hilo akiba. Tutalirudia.

RELI, MKONGE NA VIJIJI

Baada ya hapo nchi ilibadilika haraka. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na Dodoma mwaka 1910. Kilosa iko katikati ya hizo mbili, ikapata stesheni. Mashamba makubwa ya mkonge yakaenea Kimamba na Rudewa, na watu kutoka mikoa mingi wakaja kukata mkonge. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo sababu leo ukikaa kwenye kilabu cha pombe hapa Kilosa utasikia lugha nyingi katika benchi moja. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Bei ya mkonge ikaanguka duniani kwa sababu ya kamba za viwandani, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Kisha ukaja wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Nchi nzima watu waliokaa mbalimbali waliletwa pamoja, mara nyingi kando ya barabara, ili wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Faida ilikuwapo, hatuwezi kuikana. Lakini tuseme na upande wa pili. Mzee wa zamani alipochagua mahali pa kujenga, alikuwa na sababu zake. Alijua maji yanafika wapi mwaka wa masika makubwa. Barabara haijui jambo hilo. Mahali pengi katika nchi yetu watu walihamishwa pamoja na vyungu vyao na kuku wao, lakini ile elimu ya mahali ikaachwa nyuma kwenye magofu.

MAFURIKO SI MAGENI

Nasikia vijana wakisema mafuriko ni mambo ya siku hizi. Si kweli. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Aliteseka sana kuvuka tambarare ya Mkata wakati wa masika, watu na punda wakizama katika tope. Aliporudi mwaka 1872 aliyakuta maji makubwa zaidi, akaandika habari za vijiji vilivyosombwa pamoja na watu wake. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu. Kwa hiyo babu wa babu zetu waliyajua maji haya.

Karibu na siku zetu, mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta lake pale Kilosa. Watu zaidi ya 20,000 walikosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Januari 2014 maji yalishuka Dumila na Magole, daraja likaharibika, na barabara kuu ya Dodoma ikafungwa. Wengi wenu mnaonisikiliza mlilala kwenye mahema miaka hiyo. Sina haja ya kuwasimulia.

Je, kuna jipya gani sasa? Jipya ni mlimani. Miti inapokatwa na miteremko inapolimwa bila makinga maji, mvua haizami ardhini. Inateleza juu, inafika mtoni kwa mara moja, tena imebeba mchanga mwingi. Mchanga ukitua mtoni, kitako cha mto kinapanda. Mto ambao zamani ulikuwa na kina cha mtu mzima unabaki na kina cha goti. Mvua ikija, maji hayana mahali pa kukaa ila shambani kwako. Na mara nyingine mto unaacha njia yake na kutafuta nyingine.

Tena tukumbuke kwamba Gairo ilikuwa sehemu ya Kilosa, ikawa wilaya yake mwaka 2012. Milima ya Ukaguru sasa imegawanyika kati ya wilaya. Mipaka hiyo tunaijua sisi. Mto hauijui.

KOSA LANGU

Sasa nataka kuwaambieni kosa langu mwenyewe, maana bwana shamba naye hukosea, na kosa lake hulipwa na mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita nilimtembelea mama mmoja, mkulima wa kando ya mto, si mbali sana na huko ninakokuzungumzia. Anao watoto wanne na mume hayupo tena. Kati ya mahindi yake na mto palikuwa na matete mazito. Nikachukua udongo mkononi, nikauona mweusi na wenye kina. Nikamwambia, "Mama, hapa umeacha nusu eka bure. Fyeka matete haya, panda mpaka ukingoni." Akafyeka. Alikodi vibarua wawili kwa fedha aliyouzia mbuzi.

Mahindi yalistawi vizuri sana. Yalikuwa yametoa mbelewele, nami nilikwisha kuwaza kuwaleta wakulima wengine waje kuyaona. Ikanyesha mvua siku tatu mlimani. Bondeni kwetu hapakunyesha hata tone. Usiku wa tatu mto ukashuka ukakata ukingo pale pale tulipofyeka. Haukuchukua ile nusu eka tu. Ulichukua eka moja na zaidi, ardhi yenyewe na mahindi juu yake. Asubuhi palikuwa maji.

Nilikwenda kumpa pole. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, wewe unarudi Ilonga. Mimi nabaki na mto."

Siku ile nilikwenda kwa mzee mmoja jirani yake, ambaye ilinipasa kwenda kwake kabla ya kutoa ushauri wowote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bwana shamba. Umetuletea mbegu gani leo?"

"Leo sina mbegu, babu. Nimekuja kuuliza habari za mto. Kwa nini umehama?"

Akachukua fimbo yake tukaenda mpaka ukingoni. Akanyosha fimbo kuelekea kisiwa cha mchanga katikati ya maji. "Pale ndipo ulipokuwa mwembe wa baba yangu. Tulikula maembe pale tukiwa watoto, mto tunausikia kwa mbali tu. Wewe unasema mto umehama. Haujahama, umerudi kwake. Baba alipochimba shimo la kuupanda mwembe ule alikuta mchanga wa mto na makoa ya konokono wa majini. Akatuambia: hapa ni kitanda cha mto, siku moja atakuja kulala."

Ndugu wakulima, mimi nilikuwa nimeutazama udongo wa juu, kina cha kiganja. Baba yake mzee yule alikuwa ametazama kina cha shimo.

Hayakwishia hapo. Msimu uliofuata yule mama alikuwa na shida ya fedha ya shule. Akaja mtu kutoka mjini, mwenye maneno mazuri, akataka kukodi eka tatu zilizobaki kwa msimu mmoja. Akaleta karatasi na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Mama akasema, "Iache, nitaipiga kesho." Jioni akamwita mtoto wa dada yake anayesoma sekondari. Kijana akasoma. Karatasi haikusema kukodi. Ilisema kuuza. Kesho yake mama aliirudisha karatasi kama ilivyokuja, haina alama.

Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka Mangungo. Zaidi ya miaka 130 imepita, bonde ni lile lile, na karatasi bado zinakuja. Tofauti ni hii: mama yule alikuwa na mtu wake wa kumsomea.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Basi turudi shambani, kama nilivyoahidi. Nina mambo manne.

La kwanza: uachie mto nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua wengi mnaiona sheria hii kama ya kuwanyang'anya. Baada ya lile kosa langu, mimi naiona kama bima. Kupima ni rahisi: kata kamba ya mita 20, ilaze mara tatu kutoka ukingoni. Ndani ya nafasi hiyo acha matete yaliyopo. Palipo wazi, panda mabingobingo, mianzi na mikuyu. Mizizi hiyo ndiyo inayoushika ukingo. Mabingobingo unaweza kuyakata ukalishia ng'ombe au mbuzi zizini, kwa hiyo nafasi ile haikai bure. Lakini usiyachome moto, na usiingize mifugo ikanyage ukingo.

La pili: uijue historia ya shamba lako kabla ya kupanda. Chimba shimo la kina cha mita moja, ukate ukuta wake wima kwa jembe, kisha utazame. Ukiona tabaka la udongo mweusi, chini yake mchanga safi, kisha udongo tena, kisha mchanga, ujue mto umepita hapo zaidi ya mara moja. Shamba la namna hiyo si baya, lakini usijenge nyumba hapo na usiweke ghala. Panda mazao ya msimu, na usiweke mbegu zako zote mahali pamoja. Mpunga ukae kwenye majaruba ya chini. Mahindi, mbaazi na ufuta vikae palipoinuka, pasipotuama maji.

Kitalu cha mpunga nacho kiweke palipoinuka, hata kama ni lazima ubebe maji kwa ndoo. Na ukiweza, mwaga vitalu viwili, cha pili majuma mawili baada ya kile cha kwanza. Maji yakikuchukulia miche ya kwanza, utakuwa na ya pili, hutakaa ukitazama jaruba tupu. Hamisha miche ikiwa na siku 21 hivi, kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Mbegu ya SARO 5 inazaa sana na inakomaa mapema kuliko Supa. Supa ina harufu nzuri na sokoni inapendwa. Mwenye majaruba mawili na apande zote mbili, kila moja mahali pake.

La tatu: maji ni ya wote, kwa hiyo yawe na utaratibu. Mfereji ukijaa mchanga, si kazi ya mtu wa mwisho peke yake kuuzibua, wala mtu wa kwanza asikae raha kwa sababu maji yanamfikia. Pangeni siku ya kusafisha banio na mfereji kabla ya msimu. Undeni Jumuiya ya Watumia Maji kama hamnayo. Mnapotaka kuchepua maji mtoni kwa ajili ya skimu, ombeni kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo makao yake yako Morogoro. Tena nawaomba mfanye jambo ambalo vijiji vichache hulifanya: tumeni watu watatu wapande mlimani kuzungumza na wakulima wa huko. Msiende kuwagombeza. Nendeni na vipando vya mabingobingo, mkawaulize nao wana shida gani. Makinga maji yanayochimbwa mlimani, kufuata usawa wa ardhi, yanamwokoa mtu wa huko asipoteze udongo wake, na yanamwokoa mtu wa bondeni asipokee mchanga. Ni kazi moja yenye faida mbili.

La nne, na ndilo kubwa: shika karatasi yako mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa ya kugawa ardhi yapite kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri haiwezi kukaa watu wachache chumbani ikagawa ardhi, kisha ikawatangazia. Ninyi mnaokwepa mkutano mkuu kwa kuwa ni siku ya gulio, mkumbuke kwamba huko ndiko ardhi yenu inakozungumzwa. Sheria hiyo hiyo inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ombeni hati hizo. Na akina baba nisikilizeni: jina la mama liandikwe pia. Sheria haikubali desturi inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, na yule mama niliyewasimulia ndiye aliyeiokoa ardhi ya watoto wake.

Kabla ya hati, kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango unaonyesha hapa ni pa kulima, hapa ni malisho, hapa ni njia ya mifugo kwenda majini, hapa ni msitu. Sisemi haya kuamsha machungu, lakini lazima niyataje. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ni jirani zetu waliokufa. Ng'ombe lazima anywe, na mpunga lazima unywe, na mto ni mmoja. Palipokosekana njia ya ng'ombe iliyokubaliwa na pande zote, ng'ombe atapita kwenye mpunga, na kinachofuata hapo mnakijua. Mkulima na mfugaji wakae kwenye mkutano mmoja wakati wa kiangazi, wakati tumbo limeshiba na hasira zimelala, wapange. Wasingoje siku mpunga umekwisha kukanyagwa.

Na karatasi yoyote ikiletwa, iwe ya kukodi, ya mkopo, ya mbegu au ya mbolea, fanyeni kama yule mama. Iache ilale. Mtafute mtu wako, si mtu wa yule aliyeileta, aisome yote mpaka mstari wa mwisho. Ndipo uweke dole, au uirudishe.

Ndugu wakulima, Mangungo hakuwa na mtu wa kumsomea. Nusu eka yangu ya matete haikuwa na mtu wa kuisemea. Sisi wa leo tuna shule, tuna sheria kwa Kiswahili, na tuna wazee wachache ambao bado wanakumbuka mwembe ulikuwa wapi. Nendeni mkawaulize kabla hawajaondoka nayo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni nani anayekumbuka mto ulipita wapi miaka 40 iliyopita? Mtamwendea lini?

2. Pimeni kamba tatu kutoka ukingoni. Ni mashamba ya nani yaliyo ndani ya nafasi hiyo, na mwenzenu huyo atasaidiwaje asipate njaa akiuachia mto nafasi yake?

3. Je, kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Kama upo, wafugaji walikuwapo ulipopangwa?

4. Ni karatasi gani mlizotia saini au dole gumba mwaka huu bila kuzisoma?

Andikeni majibu yenu myapeleke kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu. Na kama naye alishawapa ushauri uliowaharibia, mwambieni. Sisi nasi tunajifunza.

Juma lijalo nitarudi na habari za viwavi, kama mlivyozoea. Mvua njema, na mto ukae mahali pake. Kwaherini.